Chapa Niliyoikalia

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni hizo nyaya masikioni. Nimesema toeni. Sitaki mtu asome mambo yangu huku anatikisa kichwa kwa ngoma ya mtu mwingine. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili tu, kisha ng'ombe wa baba wakahitaji mchungaji, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, ikalisheni vizuri wenyewe, ninyi si mmesoma? Ninachotaka mjue ni kwamba hizo medali mlizotundika ukutani, za mbio, za kwaya, za kuvuta kamba, hazikushuka na mvua. Kuna mtu alikaa, akainama, akachonga.

Nyumba niliyoolewa ni ya watu hao. Wanaitwa wachonga chapa. Chapa ni kipande cha chuma, kinene kama kidole gumba, kipana kama mdomo wa kikombe, ambacho usoni kimechongwa picha kwa ndani, tena kinyume. Unakifunga kwenye presi, chini yake unaweka kisahani cha shaba, unazungusha mkono wa presi kwa nguvu zako zote, na picha inasimama juu ya shaba. Penye shimo kwenye chuma panakuwa na mlima kwenye medali. Aliyetazama kushoto anatazama kulia. Basi, kazi yote ni hiyo. Kuielewa ni asubuhi moja, kuiweza ni miaka kumi.

Aliyeanza ni babu wa mume wangu. Alikuwa Mrongo wa ng'ambo, upande wa Sengerema, watu wa kufua majembe tangu hapo. Akavuka ghuba kwa mtumbwi, akapata kazi ya kupuliza moto kwa sonara mmoja wa Kihindi pale Mirongo, mjini. Alipuliza moto mpaka siku moja sonara akamkuta amechonga kuku kwenye kipande cha shaba, kuku mzima na hasira zake. Ndipo wenye kiwanda cha pamba wakamtaka awatengenezee vipande vya vibarua, vya kuonyesha siku ya malipo. Vibarua wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila kundi lilipewa picha yake: hawa kuku, hawa samaki, hawa jembe. Vile vipande vilikuwa vizuri mno. Akina mama wauza karanga wakaanza kuvipokea kama sarafu, na ukienda sokoni unasikia, "Sina chenji, nina samaki tu." Kumbe mjanja mmoja alikuwa ameiba chapa ya kuku, akawa anajipigia kuku wake nyumbani. Kuku wakajaa mjini. Wenye kiwanda nusura wamfunge babu.

Tangu hapo ikawekwa sheria ya nyumba, na sheria hiyo mimi niliikuta na nitaiacha. Kazi ikishakabidhiwa kwa mwenyewe, chapa inauawa. Inalazwa kwenye makaa na majivu mpaka chuma kilegee, kisha mkubwa wa nyumba anachukua tindo na nyundo, anageuza uso pembeni, anapiga pigo moja kuikata picha. Lazima ageuze uso. Baba mkwe wangu alisema mtu akiitazama chapa machoni hataweza kuipiga, maana amekaa nayo wiki tatu, ameshaizoea kama mtoto. Ikishakufa, mzoga wake unatupwa majini katikati ya ghuba, kati ya Kigongo na Busisi. Miaka yote tulitupa kutoka kwenye kivuko. Wapo kambale kule chini wenye medali nyingi kuliko mwanajeshi yeyote.

Sasa, mimi ni Msukuma wa upande wa Magu, binti wa mfuga ng'ombe. Kwetu ng'ombe wakiingia zizini hakuna anayecheka. Nikaja kuolewa kwa watu wanaocheka. Wanacheka wakifanya kazi, wanacheka wakila, msibani wanasogea nyuma ya nyumba wakacheke kwa zamu. Baba mkwe akishikwa na kicheko ilibidi aweke kalamu yake ya chuma mezani, maana mkono ukitikisika hata kidogo, mtakatifu anapata jicho la tatu.

Siku yangu ya kwanza pale, bibi harusi, nimeinamisha macho, nimeletewa chakula. Hamjui kwamba wachonga chapa kabla ya kupiga shaba hujaribu kwanza picha kwenye kitu laini. Wengine hutumia nta. Hawa walitumia ugali wa udaga, wa muhogo, uliopoa. Nikafunua sahani, nikakuta uso wa mtu unanitazama, amevaa kofia ndefu.

Nikauliza kwa adabu, "Baba, huyu ni nani?"

Baba mkwe akasema, "Ni askofu, mama. Mle tu, ameshaubariki mwenyewe."

Sikucheka. Nilisema asante, nikanyanyuka, nikaenda nyuma ya jiko, nikajaza upande wa kanga mdomoni, na huko nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikajifuta macho, nikarudi, nikamla askofu kuanzia kwenye kofia. Hivyo ndivyo nilivyoishi katika nyumba ile zaidi ya miaka hamsini. Ndani nimekunja uso, nyuma ya jiko nacheka. Wajukuu wanadhani Bibi hajui kucheka. Mahali pa kuchekea ninapo, wao ndio hawapajui.

Mume wangu alinifundisha kazi. Herufi nyingi nilizijua kwanza kinyume, za kwenye chuma, ndipo nikazijua za kwenye karatasi. Alipofariki, mkubwa wa nyumba nikawa mimi, na kuua chapa ikawa juu yangu. Ninajisifu kwa pigo moja. Sijawahi kurudia.

Mwanangu naye alichonga, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa baba yake. Lakini ameingia mambo ya mashine. Ana chumba pale Mirongo, anatengeneza mihuri ya mpira, vikombe vya mashindano, vibao vya majina ya milangoni. Anasema, "Mama, mashine inachonga kwa dakika nane." Mimi nikamwambia hata kuku anataga kwa dakika nane, lakini muulize alianza lini. Aliyebaki kwenye benchi ya babu yake ni binti yake. Huyo mimi humwita mke mwenza, kwa sababu marehemu alikuwa akimwita mke wangu mdogo, na tukiwa wawili tunagombania mtu ambaye hayupo. Anachonga kwa mkono, anapenda chuma, na anacheka kama walivyocheka wote.

Mwaka huu baba yake alikuja na neno. Dada yake aliyeko Dar ana duka la mapambo ya harusi, anataka msichana wa kumwamini. "Benchi hii haimlishi mtu, mama," alisema. "Aende akajifunze biashara." Wakabishana wiki nzima, baba na binti, mpaka wakafika mahali pa kukubaliana. Kulikuwa na kazi moja imeingia, medali arobaini za mashindano ya mitumbwi ya akina mama wa ng'ambo, mwambao wa Sengerema. Binti akiichonga mwenyewe kuanzia mwanzo, na medali zikafika Jumamosi ya mashindano, na wenyewe wakaridhika, basi abaki na benchi yake. Zisipofika, Jumapili anapanda basi kwenda Dar, na presi ya babu inauzwa kwa wanunua vyuma chakavu.

Wakanigeukia. Mimi nilitaka abaki. Nilitaka mno. Nilichosema ni, "Tutaona," kwa sauti ile ninayotumia kwa wauza samaki.

Mwenyekiti wa akina mama wale alikuja mwenyewe kutoa maagizo. Mwanamke mkubwa, mikono ya mtu aliyepiga makasia tangu utotoni. Alipokea shikamoo ya mjukuu wangu, akanipa mimi ya kwangu, akakaa, kiti kikalia.

"Nataka mtumbwi," alisema. "Ndani yake akina mama tisa, kila mmoja na kasia lake. Na mmoja wao niwe mimi."

Mjukuu wangu akauliza, "Yupi, mama?"

"Swali gani hilo? Yule mnene!"

Ikachukua wiki tatu. Kazi hii ni ya mchana, jua likishuka unaacha, kwa hiyo wiki tatu zetu si wiki tatu za watu wa ofisini wenye taa. Jumatano asubuhi akamaliza. Tukajaribu kwenye ugali wa jana. Mtumbwi ukatoka, maji yakatoka, wakatoka akina mama tisa wameinama wote pamoja kama mtu mmoja. Yule mnene kakaa nyuma, anaongoza. Niliangalia kwa kioo cha kukuzia, nikatafuta kosa, sikuliona.

"Bibi," akasema, "huyu wa nne anafanana na wewe."

"Mimi sijawahi kushika kasia."

"Ndiyo maana amenuna."

Nikamwambia aache upuuzi, akanunue mafuta. Chapa ikishachongwa inabaki laini, lazima ichomwe mpaka iwe nyekundu kisha izamishwe kwenye mafuta, ndipo inakuwa ngumu ya kuweza kupiga shaba. Na kabla ya moto mkali inapashwa pole pole. Kwa hiyo akaiweka chapa ya akina mama ukingoni mwa jiko la makaa, akaenda dukani na dumu lake, anaimba.

Jiko hilohilo, ukingo wa pili, kwenye majivu, kulikuwa na chapa nyingine. Ya mkimbiaji. Tuliipigia medali za shule moja, walimu wameshazichukua Jumatatu, na sasa ilikuwa inalegea, inangoja kuuawa. Zote mbili tulizikata kwenye ekseli moja ya lori. Unene mmoja, upana mmoja, zote zimeingia vumbi la majivu.

Nikasema moyoni, ngoja nimalize hili kabla hajarudi. Miwani yangu ilikuwa ndani. Ya nini miwani, na sheria inasema usitazame? Nikachukua koleo, nikatoa chapa, nikaiweka juu ya fuawe. Nikashika tindo. Nikageuza uso kuelekea ziwani, kulikuwa na meli ya mizigo inaingia, nikaitazama hiyo. Nikapiga.

Pigo moja. Safi kabisa. Nikajipongeza.

Nina tabia, nikishaua, ya kupapasa jeraha kwa kidole, nione limekwenda ndani kiasi gani. Nikapapasa. Mkimbiaji ana miguu miwili. Huyu wangu alikuwa na miguu mingi. Nikapapasa tena. Haikuwa miguu, yalikuwa makasia. Kidole kikaanza kuhesabu vichwa chenyewe, mimi sikukituma. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, huyo aliyenuna, vitano, sita, saba. Halafu bonde.

Mnataka kujua nilifanya nini? Ningependa kuwaambia nililia, au niliomba. Ukweli ni kwamba kicheko kilinijia kutoka miguuni. Mimi, mkubwa wa nyumba, nimewapiga akina mama wawili wa Sengerema shingoni huku natazama meli. Nilijua kabisa nimefanya nini. Nilijua mjukuu wangu nimempandisha basi kwa mkono wangu mwenyewe. Na bado mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikasikia geti. Nikafanya jambo ambalo mtoto wa miaka minne ndiye hulifanya. Nikaitia chapa chini ya kanga, kwenye kigoda, nikaikalia.

Ilikuwa bado ya moto.

Si moto wa kuunguza, nisiseme uongo. Ni moto wa kukukumbusha. Mjukuu akaingia na mafuta yake, akatazama jiko.

"Bibi, chapa yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Bibi, zilikuwa mbili. Hii ya mkimbiaji hii hapa. Yangu?"

"Tazama vizuri."

"Natazama. Haipo." Akainama, akatafuta chini ya jiko, akatikisa majivu. "Kuna mtu amekuja?"

"Labda paka."

Akasimama. "Paka achukue chuma cha moto?"

"Paka wa siku hizi," nikasema.

Akanitazama. Nikatazama ziwa. Nikajiinua kidogo upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

"Bibi, mbona umekaa kama kuku anayelalia mayai?"

"Nimezeeka, mgongo unauma."

"Mgongo unauma, sasa unanyanyua makalio?"

"Ni mahali pa kuongelea makalio ya bibi yako hapa?"

"Bibi. Nyanyuka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniamuru katika nyumba ile tangu mume wangu afariki, na hata yeye alikuwa ananiomba. Nikanyanyuka. Akaichukua chapa, akaifuta kwa kitambaa, akaipeleka kwenye mwanga. Niliona kidole chake kinapita palepale pangu, kinahesabu, kinaishia saba. Nikasema, "Ni mimi." Nikasema, "Sikutazama." Sauti yangu ilikuwa ndogo, siijui ilitoka wapi.

Akauliza taratibu, "Kwa pigo moja?"

"Moja."

"Limenyooka," akasema. "Bibi, limenyooka kweli."

Basi tukaisha kwa kicheko. Alikaa chini kwenye majivu na sketi yake safi, mimi nikashika ukuta. Kila mmoja akitaka kusema neno anamwona mwenzake, anaanza upya. Jirani alichungulia juu ya jiwe linalotugawa, akauliza kuna msiba? Mjukuu akamjibu, "Ndiyo, wawili!" Jirani akatoa pole, na hapo ndipo nilipoketi chini na mimi.

Huyo ndiye mjukuu wangu wa kwanza kuniona ninacheka. Ana miaka ishirini na mbili.

Mchana akaja baba yake kula. Akaiona chapa mezani, akaelewa yote bila kuambiwa, maana ni mtoto wa nyumba hii. Akaweka kijiko chini.

"Basi," akasema. "Jumamosi hamfiki. Sijafurahi, lakini tulikubaliana."

"Leo Jumatano," nikamwambia.

"Mama, wiki tatu alichonga."

"Nimesema leo Jumatano. Kula samaki wako."

Akala. Ila niliona pembe ya mdomo wake inacheza, akainamia sahani upesi.

Shida ya jeraha kwenye chapa ni kwamba huwezi kulifukia. Chuma hakizibiki kama ukuta. Unaweza kuchimba zaidi tu, na ukichimba zaidi, kwenye medali panakuwa juu zaidi. Kwa hiyo palepale walipokufa wale wawili, mbele ya mtumbwi, ilibidi pakae kitu kirefu kuliko mwanamke aliyeinama.

Mjukuu akasema mwamvuli. Nikasema nani atapiga kasia ameshika mwamvuli? Mimi nikasema ng'ombe.

"Bibi! Ng'ombe kwenye mtumbwi wa mashindano?"

"Kwetu ng'ombe wanavushwa."

"Watashinda vipi na ng'ombe?"

Nikakubali ng'ombe ni mzito. Akafikiri, anazungusha kalamu ya chuma vidoleni. Kisha akasema, "Tenga la dagaa."

Vijana, hapo ndipo nilipojua kwamba huyu ni wa benchi. Tenga limejaa dagaa mpaka juu, lundo. Na dagaa kwenye chuma ni nini? Ni mikwaruzo tu. Mia moja, mia mbili, huku na huku. Jeraha langu lote lingemezwa na dagaa, na hakuna jicho duniani lingelitofautisha.

Tulichonga Jumatano mchana mpaka jua likashuka, na Alhamisi tangu lilipochomoza. Nasema tulichonga, yeye ndiye aliyechonga. Mimi nilikaa juu ya jiwe nje ya dirisha na kioo cha kabatini, natupa mwanga wa jua juu ya chuma ili aone ndani ya bonde. Kazi ya kushika kioo ni kutotikisika. Tatizo likawa moja. Nikivuta pumzi kwa shida ya umri wangu, pua inapiga mluzi kidogo. Na yeye akisikia mluzi anamkumbuka yule paka wa siku hizi. Mkono unaanza kutikisika, anaweka kalamu chini.

"Bibi, usipumue."

"Nife?"

"Kidogo tu."

Tukajipangia. Dagaa ishirini, kisha kalamu chini, nje, tunacheka, tunarudi, dagaa ishirini. Kwa mpango huo tukalijaza tenga. Alhamisi jua linaelekea kuzama, mwanangu alirudi kutoka Mirongo. Akavua saa, akachukua koleo. Kuzamisha ndipo chapa nyingi hupasuka, na yeye ndiye mwenye jicho la kujua rangi ya chuma kwenye moto. Akangoja mpaka ikawa kama nyanya iliyoiva, akaizamisha kwenye mafuta. Shwaaa. Tukainamisha masikio wote watatu. Chuma kikipasuka utakisikia, kinalia kama yai. Hakikulia.

Ijumaa tukapiga shaba arobaini. Mwanangu kwenye mkono wa presi, binti yake anaweka na kutoa, mimi nafunga utepe na kukaripia.

Jumamosi asubuhi tukapanda gari la mwanangu. Siku hizi pale Kigongo kuna daraja. Zamani kivuko kilikupa muda wa kula mayai mawili na kumteta mtu mmoja vizuri. Juu ya daraja nilifungua tu mdomo kulalamika kwamba linakimbiza watu, tukawa Busisi.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Mitumbwi imepakwa rangi, akina mama wamejifunga vitenge viunoni, wanatukanana kwa furaha kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. "Ninyi mmekuja kuogelea!" "Ninyi mtatuona mgongo tu, mayu, muukariri!" Mayu kwetu ni mama. Wakashindana, wakapiga kelele mpaka ndege wakahama. Kundi la mwenyekiti likashinda kwa urefu wa kasia, na sisi tukaitwa mbele na sanduku letu.

Mwenyekiti, maji yanamtiririka, akachukua medali ya kwanza, akaisogeza karibu na macho. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Tulisema tisa," alisema. "Mbona saba?"

Mwanangu alitazama viatu vyake. Mjukuu wangu alifungua mdomo, na niliona ameshaanza kusema "Samahani, mama, mimi..." Nikamsukuma nyuma. Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi kile, na sijui kuhutubia.

Nikasema, "Wawili niliwakata mimi. Jumatano. Nilikuwa natazama meli." Nikaeleza yote, habari ya sheria ya kugeuza uso, tindo, na nilivyoikalia. Nilieleza kwa ukali, kwa sababu sijui namna nyingine. Nikamaliza, "Binti huyu alichonga tisa, na walikuwa wazuri kuliko ninyi. Kosa si lake. Kama hamzitaki, semeni na mimi."

Mwenyekiti alinitazama. Akatazama medali. Kisha akageuka, akapaza sauti kwa kundi lake. "Njooni muone! Tumebaki saba!"

Wakaja mbio, mikono imelowa, wakagombania kuona. "Nani hayupo?" "Mimi nipo, huyu hapa, pua yangu!" "Wawili gani hao?" Na mwanamke mmoja mwembamba akasema, "Jamani, hamuoni? Ni mimi na dada huyu. Sisi si ndio tulioacha kasia katikati tukapiga picha kwa simu?" Wakamzomea wote. "Ndiyo! Ndiyo wenyewe! Hata chuma kimewaona!" "Na hao dagaa ni wa nani?" "Wa mweka hazina! Anauza hata akiwa kanisani!" Mwanamke mmoja mzee alipapasa tenga kwa kidole gumba, taratibu kama nilivyopapasa mimi, akasema dagaa hawa bado wabichi, wangeanikwa siku moja zaidi.

Mwenyekiti alikuwa bado anatafuta. "Na mimi je? Mimi niko wapi?" Mjukuu wangu akamwonyesha nyuma ya mtumbwi. Akajiona. Akakaa mchangani, akacheka mpaka akashikwa mikono na watu wawili.

"Mnene yupo," akasema, anafuta machozi. "Basi medali ni nzuri. Mwaka kesho mnitengenezee nyingine, wale wawili warudi, lakini tenga libaki."

Nilicheka mbele ya watu wote. Sikutafuta nyuma ya jiko, na huko ufukweni jiko halikuwepo.

Kurudi, mwanangu aliendesha mpaka katikati ya daraja. Kisha akasema, "Mama." Nikaitika. "Kweli uliikalia?" Nikasema ndiyo. "Ya moto?" Nikasema ya moto. Akaanza polepole puani, kikapanda, kikamshika mpaka mabega, ikabidi apunguze mwendo na wenye magari nyuma wakatupigia honi. Ni kicheko kilekile cha baba yake. Sikuwa nimekisikia kwa miaka kadhaa. Alipoweza kusema akamwambia binti yake, "Shangazi yako nitampigia mimi."

Tulipofika nyumbani, begi la mjukuu wangu lilikuwa limesimama sebuleni, limeshafungwa tangu Ijumaa na mtu asiyetaka kujidanganya, na juu yake mkate wa safari ndani ya mfuko. Wote wawili wakasimama kulitazama, kama wageni wanaongoja kukaribishwa. Nikavua viatu, nikakaa kwenye kiti changu, nikawaambia: "Fungueni begi hilo, nguo zirudi kabatini. Mkate ukatwe sasa hivi, tunywe nao chai. Na Jumatatu, kabla jua halijafika kwenye jiwe, nikute jiko la makaa limewashwa."